Sindano Katika Bawa la Kushoto

Jambo la mwisho nililolisikia kwa mama yenu lilikuwa la kawaida kabisa. Alisukuma sindano katika bawa la ndege tuliyokuwa tunaifufua, ikatokeza upande wangu kiasi cha urefu wa kidole, akasema, "Ngoja, Verlin. Kahawa kwanza." Nikasikia kiti chake kikisogezwa, kisha mlango wa banda, nami nikangoja, kwa sababu huo ndio ulikuwa utaratibu wetu na wa mama yake kabla yetu: bawa husimamishwa wima, mmoja hukaa huku na mwingine kule, kitambaa katikati, na anayesukuma sindano asiposema "vuta" yule wa pili hagusi. Nilikaa nikimsimulia habari za mvua iliyopotea mwezi ule, nikidhani amekwisha kurudi na amenyamaza tu kwa ukaidi wake. Nilipokwenda nyumbani nilimkuta kwenye kiti cha jikoni, vikombe viwili mezani, changu kimekwisha kujazwa.

Hayo mnayajua. Nimeanza nayo kwa sababu yote nitakayowaambia leo yanatoka pale. Galen, vuta kiti ukae upande huu. Roxanne, baki hapo ulipo, ila usitazame dirishani. Ngano ya jirani yetu Emmett Friesen haikimbii. Mwanasheria ana karatasi zangu za wosia, zimetiwa sahihi nikiwa na akili timamu, na hakuna kilichofichwa ndani yake. Nyumba hii ni ya Galen, kwa kuwa ana watoto na nyumba yake inavuja. Banda na uwanja wa majani wa kurukia ni vya Roxanne, kwa kuwa yeye ndiye rubani. Vitabu vyangu vipelekwe chuoni, wakivikataa mvigawe. Msibishane juu ya hayo, nimeyapima.

Ndege ni yenu nyote wawili, nayo haigawanyiki.

Mmekua nayo, kwa hiyo mnaiona kama wengine wanavyoiona trekta ya babu yao. Lakini sikilizeni, kwa maana nitaisema mara moja tu, na pumzi niliyo nayo sina hakika nayo. Wakati wa vita bibi yenu Hulda aliacha ng'ombe wa baba yake akaja hapa Wichita, akawekwa kwenye chumba cha kushonea mabawa pamoja na wasichana wengine wa mashambani ambao walikuwa hawajashona kitu zaidi ya magunia na mashuka. Ndege walizoshona zilikuwa za mafunzo, mabawa mawili juu na chini, viti viwili vilivyo wazi kwa upepo. Kila kijana wa nchi hii aliyekwenda kurusha ndege kubwa za mabomu alianza na ndege ndogo ya namna hiyo, na nyingi zilitoka katika mji huu. Kaka yake Hulda alijifunza kwenye mojawapo, kule Oklahoma. Baadaye wakampa ndege ya injini nne, akaenda nayo Ujerumani, hakurudi. Hulda aliamini mpaka kufa kwake kwamba alimshonea kaka yake bawa la kwanza. Niliwahi kupiga hesabu ya uwezekano wa jambo hilo. Nilipomwonyesha mama yenu aliikunja ile karatasi akasema, "Injinia, ukimwambia mama yangu namba hii utalala bandani." Sikumwambia. Ilikuwa namba ndogo sana.

Mimi nilipomaliza chuo kikuu nilifanya kazi kwenye ndege za namna nyingine. Mabawa niliyopigia hesabu yalibeba injini nane, na ndani yake hapakuwa na kamba wala kitambaa. Zile ndege bado zinaruka, na marubani wake wa leo ni wajukuu wa wale wa kwanza. Watu wameniuliza kama najivunia. Nilihakikisha bawa halivunjiki na watu waliomo wanafika nyumbani. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, niliifanya vizuri. Lakini ile ya bandani ni kitu kingine. Iliundwa ili kijana akosee na abaki hai. Ukiigongesha chini inadunda. Ukiisahau angani inajinyoosha yenyewe, ukiipa nafasi. Mama yenu aliipenda kwa sababu hiyo, na ndiyo maana tulipoikuta kwa mjane wa mtu wa kunyunyizia mashamba dawa kutoka angani, imejaa viota vya shomoro na kunuka dawa ya viwavi, alizunguka mara moja tu akasema, "Hii inakuja nyumbani." Hakuniuliza. Mimi nilikuwa bado naangalia kutu.

Sasa nifike kwenye lile jambo. Galen, tulia, sikukuita nikupige.

Mwaka ule wa sherehe ya mji, jumba letu la kumbukumbu za ndege lilikuwa halina wageni, na wewe ulikuwa kwenye kamati yake. Tulikupa kiwiliwili cha ndege ukionyeshe wakati mabawa yanasubiri kitambaa. Ukakipaka kijani cha vita, ukakichorea mdomo wa papa na meno yake, kana kwamba kiliwahi kupigana mahali fulani. Ndege ya mafunzo, ya buluu na manjano, iliyotengenezewa wanafunzi. Ukasema, "Baba, hakuna atakayetoka Topeka kuja kuona ndege ya shule." Hapo ulikosea. Wapo watu wa mji huu ambao mama zao walishona zile za manjano, wakasimama mbele ya meno yale hawajui watazame wapi. Lakini watoto walipanga foleni mpaka nje ya mlango, na nusu yao hawakuwa wamewahi kuigusa ndege. Hilo nililiona kwa macho yangu, na dada yako alikataa kuliona.

Na wewe, Roxanne, ulikuwa umetoka kambini na sare yako, umezoea kukarabati ndege za kubebea mafuta, umezoea wanaume kukusikiliza. Ukapanda kwenye jukwaa la ndugu yako mbele ya meya na bendi ya shule, ukashika kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, ndugu yangu amemvisha bibi yetu meno ya bandia." Watu walicheka. Mimi pia karibu nicheke, Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri. Lakini ulimwona Galen alivyoshuka. Tangu siku ile mmekula Krismasi tatu kwenye meza moja bila kuambiana hata "nipe chumvi". "Mama, mwambie kaka asogeze gari." "Mama, mwambie dada gari limesogezwa." Mama yenu alikuwa akibeba maneno yenu huku na huku kama mhudumu wa mgahawa, na mimi nilinyamaza nikidhani yatapita. Sasa aliyekuwa anayabeba hayupo. Jana Galen amemwambia muuguzi amwambie Roxanne kwamba supu iko jikoni. Muuguzi anatoka Salina. Mwacheni afanye kazi yake.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Najua jumba la kumbukumbu limeiomba ndege. Wanataka kuitundika darini kwa nyaya, na mtu wao amenieleza kwa heshima kwamba bawa la kushoto la chini halihitaji kumalizika, maana huko juu hakuna atakayeona. Nilimwuliza, kitambaa kisichoshonwa kwenye mbavu za bawa kinafanya nini upepo ukipita? Akasema hapatakuwa na upepo. Ni kijana mwema, na kwa jengo lake yuko sahihi.

Nimeandika hivi, na mwanasheria amesoma mara mbili kwa kuwa hakuamini. Bawa lile litamalizwa na nyinyi wawili kwa mikono yenu, mmoja huku na mwingine kule. Si fundi wa kulipwa, si rafiki, si mume wala mke. Mkimaliza, mkaguzi akaridhika, ndege ni yenu na itaruka kutoka uwanja huu. Ngano ya mwaka ujao ikivunwa bawa halijaisha, ndege iende kwenye jumba la kumbukumbu, itundikwe, nanyi mtaitazama kutoka chini kama watu wengine. Hakuna njia ya tatu. Mtu mmoja hawezi kushona bawa. Nilijaribu kufikiria namna ya kuzunguka kila mshono, na nikiwa na miguu mizuri ingewezekana, lakini kamba hulegea ukiwa njiani.

Sitaki mpatane kwanza. Mkisubiri kupatana kitambaa kitaoza. Shoneni. Karibu na pangaboi mishono ikaribiane, kwa sababu upepo wa pale una nguvu. Mkifika nje kwenye ncha mnaweza kuiachanisha. Kila fundo likazwe kabla ya kwenda kwenye lingine. Mtapata muda wa kutukanana, kitambaa kinapitisha sauti vizuri sana. Mimi na mama yenu tuligombana kupitia bawa lile kuhusu kila kitu, mpaka na majina yenu. Alikuwa akinidunga makusudi. "Samahani, injinia, mkono umeteleza."

Meno ya papa yafutwe. Galen, uyafute wewe mwenyewe, na Roxanne akushikie taa bila kusema neno. Halafu ipakwe buluu mwilini na manjano kwenye mabawa, na siku ya sherehe mtoeni nje muwaite wale watoto wa foleni, wamekuwa wakubwa kidogo, wakalishwe kwenye kiti cha mbele mmoja mmoja. Hapo kila mtu atakuwa amepata alichotaka, hata kama hamtakubali.

Kuna deni moja. Emmett Friesen hajapanda ngano kwenye ncha ya shamba lake tangu tulete ndege, ili tupate nafasi ya kupandia hewani. Hajawahi kulitaja. Wakati wa mavuno mmoja wenu aendeshe lori lake la nafaka, na wa kwanza kuruka kwenye ile ndege, baada ya rubani, awe yeye. Atakataa, atasema mgongo wake mbaya. Mpandisheni.

Nizikeni kando ya mama yenu, Oneta wangu, bila hotuba ndefu. Watu wa kanisa watataka kuleta mikate ya nyama na kabeji. Waruhusuni.

Sogeeni. Sioni vizuri upande ule... Mkono wako, Galen. Na wako. Hapana, msiniangalie mimi. Mungu awalinde hewani na ardhini. Awape mikono ya mama yenu. Nimeridhika nanyi, wote wawili, hata mlivyo. Hilo nalisema kwa uhakika, nami si mtu wa kusema kitu bila uhakika.

Mtaikuta sindano ilipo. Roxanne, kaa kwenye kiti cha mama yako. Kazi yake ya kusukuma imekwisha kufanyika, imebaki neno moja tu. Mwambie ndugu yako, "vuta." Yeye atajibu.

Asubuhi ile... mlikuwa bado njiani. Walikuwa wamekwisha kumchukua mama yenu. Nikaosha vikombe, nikaenda bandani. Taa ya upande wake ilikuwa inawaka, nikaizima. Nikakaa kwenye kiti changu. Nikanyoosha mkono kuishika sindano, nikaurudisha, kwa kuwa alikuwa hajasema. Nikatafuta kizibo cha chupa, nikakikata nusu, nikakichomeka kwenye ncha yake, isije ikamchoma mtu atakayekaa pale.