Fundi Jaribu na Simu ya Jikoni

Fundi Jaribu ameitumikia hospitali hii miaka ishirini na tisa na miezi minne. Anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini mwezi wa sita, miaka miwili kabla ya wakati wake. Kuandika nimepewa mimi, mpika chai, maana wenye vyeti wangemjazia sifa tupu. Mimi ni wa mkataba, hakuna wa kunistaafisha, na shule niliiachia darasa la tatu. Basi someni hivyo hivyo.

Alianza kwa kufungua mashine za kuchapa zilizomeza karatasi. Tovuti ilipokuja, yeye ndiye aliyepelekwa kusomea, akarudi amekonda lakini anajua. Vipande vya tovuti hiyo, kama kalenda ya kuchagulia siku ya kliniki, hatutengenezi sisi. Vinanunuliwa kwa kampuni nyingine, na kila kimoja kina ukaidi wake mpaka kipangwe. Fundi alikuwa na seva ndogo ndani ya kompyuta yake, mahali pa kujaribia kabla watu hawajaona. Asiyejaribu alifokewa mpaka machozi, ndipo jina likamganda. Mkuu mmoja alimletea kipande kinachometameta nyota, akakijaribu, akamrudishia: "Hiki cha harusi, mkuu. Wetu ni wagonjwa."

Sasa nitasema lisilosemwa kwenye sherehe, na mwenyewe ameniruhusu.

Miaka tisa iliyopita aliweka kalenda mpya. Kwenye mipangilio, pale panapoandikwa faili za kalenda zichukuliwe wapi, aliacha anwani ya kompyuta yake, ile ya kujaribia. Anwani hiyo haifikiki nje ya kompyuta yenyewe, basi mezani kwake ilifunguka vizuri. Wakuu wakaja kuitazama hapo hapo mezani, wakapiga makofi. Katika wasomi wote wale hakuna aliyetoa simu yake mfukoni. Huko nje wagonjwa walikuta weupe mtupu, hakuna siku ya kuchagua, tangu Alhamisi mpaka Jumatatu.

Mdogo wangu, tumbo moja, alikuwa mgonjwa wa moyo. Alihangaika na weupe ule siku nne, akadhani simu yake mbovu, akaona haya kuuliza. Jumatatu alfajiri alianguka, Jumanne tukamzika. Daktari alisema huenda hata angepata siku asingepona. Huenda. Neno hilo nimelilalia miaka tisa.

Fundi alikuja msibani, hakutumwa na mtu. Alisimama mbele ya wanangu akasema, "Bibi, ni mimi. Niliacha anwani yangu." Nikamwambia atoke. Akatoka, akakaa nje juani mpaka jioni. Miezi miwili sikumpa chai. Wenzake walimchotea kwa siri, nilijua, nikawaacha.

Mwezi wa tatu tangu msiba aliingia jikoni, akaniomba simu yangu hii yenye kioo kilichopasuka. Tangu siku hiyo hakuna kipande kilichotoka kabla hakijafunguka hapa, kando ya birika, kwa bando langu. Nimevikataa kumi na saba. Vijana mnaocheka chekeni, lakini mgonjwa hajakuta weupe tena.

Mimi niliukuta, mara moja. Mwezi wa pili mwaka huu alinipa simu akauliza, "Inaonekana, Bibi?" Palikuwa peupe. Aliiacha anwani ile ile, kwa sababu macho yake hayaisomi tena, na alikuwa akituficha. Kosa ningelivumilia. Kilichonichoma ni kumwona ameinamia kioo kile kile, asione kuwa hakuna kitu. Nilipomwambia ni peupe, alikaa kwenye kigoda changu akanieleza habari ya macho. Kesho yake akaandika barua ya kustaafu, hakusubiri kuambiwa.

Dada unayemrithi, sikia: seva ndogo utaikuta mezani, simu iko jikoni. Ukiupita mlango wangu, chai isahau.

Na wewe, Fundi, mdogo wangu, ahsante. Sikukusamehe kwa siku moja. Nilikusamehe kidogo kidogo, kila ulipobisha hodi na kipande chako mkononi. Kliniki ya macho ni Jumatatu, tarehe tatu, saa tatu asubuhi. Nimekuchagulia mimi, kwa simu yetu hii. Kalenda ilifunguka.

Nenda ukatibiwe, na siku zilizobaki zikuwie nyepesi.