Hodi kwa Bosi

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya kibanda cha fundi viatu, pamoja na birika la kahawa linalokuja limejaa na kuondoka tupu. Hapa kila mtu kapewa jina bila kuulizwa. Fundi viatu ni Soli. Spika ni dereva wa lori mstaafu, sauti yake inafika mtaa wa pili. Fundi umeme ni Waya. Mimi mwenye duka la fotokopi ni Digrii, na wala si kwa heshima. Chini ya benchi hukaa mtoto wa Soli, miaka miwili na nusu, akizungusha kigurudumu cha uzi cha baba yake. Huyo tunamwita Bosi, kwa kuwa haitikii salamu.

— Leo tena hakuniangalia, Soli alisema, sindano imeganda kwenye kiatu. Nimemwita toka asubuhi. Kama naita ukuta.

— Huyo ana akili nyingi, Spika akasema. Wenye akili hawana muda na watu.

— Si akili, ni umeme, Waya akadakia. Mtoto akizaliwa umeme umekatika, masikio yanachelewa kuwaka.

— Wewe ulizaliwa umeme upo? Spika akauliza.

— Ulikuwa umekatika!

— Na unasikia vizuri. Basi hoja yako imekufa.

Tukacheka.

— Kila mtoto ana wakati wake, nikasema, kwa ile sauti ya mtu aliyesomea kitu kingine kabisa.

— Mjomba wangu alikaa bubu miaka sita, Spika akaendelea. Alipofungua mdomo, hajaufunga mpaka leo.

— Kumbe sauti hiyo ni ya ukoo! Waya akasema.

Soli hakucheka.

— Mwaka jana alikuwa anasema baba. Nikifungua mlango tu: baba, baba. Taa alikuwa ananionyesha kwa kidole. Halafu vyote vikaenda, sijui vilikwenda wapi. Siku hizi jioni nabisha hodi nyumbani kwangu mwenyewe. Makusudi. Labda ataitika.

 

— Jicho la watu hilo, Spika akanong'ona, na mtaa mzima ukasikia.

— Au simu, Waya akasema. Mawimbi yanameza maneno. Huko hewani yamejaa maneno ya watoto, yanazunguka tu, hayana pa kutua.

Mama mmoja, mgeni, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja akisubiri kiatu chake.

— Samahani kaka. Haya yote umemweleza nani?

— Hawa.

— Hawa ndio nani?

 

Soli akaweka sindano chini, akachuchumaa, akamwita mwanawe kwa jina lake la nyumbani, jina ambalo kijiweni hatukuwahi kuliuliza. Mtoto hakugeuka. Kigurudumu kikaendelea kuzunguka.

— Kliniki ya watoto huwa siku gani? Soli akauliza.

Spika akachungulia ndani ya birika. Waya akajikuna shingo. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu.

— Twende tukaulize, mgeni akasema, akivaa kiatu chake hivyo hivyo, kisigino kinaning'inia.

Soli akafunga kibanda, akambeba mtoto na kigurudumu chake. Tuliwatazama mpaka kwenye kona. Njia nzima Soli alikuwa akimgusagusa mwanawe mgongoni kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.