Feni Iliyofungiwa Stoo

Marehemu fundi wetu alizaliwa tarehe 3 Mei 1951, mtoto wa nne wa mshona viatu, akasoma mpaka darasa la saba, na mwaka 1969 akaanza kazi kwenye mashine za kusaga nafaka, wakati huo mji ukiwa na mashine kumi na moja na wenye mashine kumi na mmoja, wakiyumba kila mwezi, ila kila mmoja na ujanja wake mpya, maana asiyebuni kitu alikimbiwa na wateja.

Mwaka 1974 alimwoa huyu bibi aliyeandika haya, hakujuta, au kama alijuta alinyamaza, wakapata watoto watano.

Kuanzia 1983 bwana mmoja tunayemwita Peke Yake, naye yuko hapa kiti cha mbele, alizinunua mashine zote, moja baada ya nyingine, benki zikampenda kwa kuwa hakuna wa kumnyang'anya mteja, na kweli hakuyumba tena, wala hakubadilisha hata mkanda mpaka ukatike.

Tarehe 12 Agosti 1996 marehemu alimpelekea feni aliyoibuni, ya kunyonya vumbi la unga, Peke Yake akasema, "Fundi, kwani wateja wataenda wapi?", akaifungia stoo, akamsainisha karatasi kwamba akiwa hai hataitengeneza wala kumfundisha mtu, naye akasaini, maana angeacha kazi aende kwa nani.

Kikohozi kilianza 2011, daktari akapiga picha ya kifua akasema ni vumbi la unga, na tarehe 9 Juni 2019, saa nne asubuhi, alifariki bila kuvunja neno lake, mkaidi yule.

Sasa hayuko hai, karatasi imekwisha kazi, na mkewe, aliyemshikia futi wakati wa kupima, hakusaini chochote, kwa hiyo mafundi mlioko nyuma toeni kalamu: mapanga sita ya feni, kila moja sentimita kumi na nane kwa tisa, feni ikae kushoto kwa nyundo za kusagia, siyo juu, na vyuma vyote vipo kwa wauza chakavu.

Tunawashukuru madaktari, majirani kwa viti, mafundi wenzake waliomwogesha, na Peke Yake kwa kuja, akae tu, tutarudia vipimo kwa ambao hawakusikia.

Pumzika kwa amani, fundi, maana kuna mtu hapa ambaye kuanzia kesho hatapumzika.