Bi Muzdalifa Haroub, Aliyepanda na Kushuka Ngazi za Chukwani

Wasifu uliosomwa na binti yake, Faiza Talib, baada ya hitima, Kiembe Samaki, Alhamisi tarehe 6 Februari 2025

Wazee wetu, majirani zetu na nyote mliokuwa nasi tangu Jumatatu, ahsanteni sana. Mama yetu alipenda maneno yaandikwe sawasawa. Kwa hivyo tumeyaandika, na kila mmoja wenu ana nakala yake mkononi.

Marehemu Bi Muzdalifa Haroub Msabah alizaliwa Malindi, Mji Mkongwe, siku ya Alhamisi, tarehe 12 Aprili 1956. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Haroub Msabah, karani wa posta, na Bi Mwatima Mudrik, mzaliwa wa Kizimkazi, aliyekuwa akishona kofia. Kaka yake, Borafya, alimtangulia kwa miaka mitatu. Jioni baba yao alikuwa akiwahadithia watoto anwani za barua zilizokosa wenyewe, na binti yake akayashika majina ya miji ya mbali kabla hajajua kusoma.

Alihitimu Kurani akiwa na miaka tisa. Alimaliza sekondari mwaka 1974, akafundisha Kiarabu kwa miaka mitatu, kisha akapata nafasi ya kwenda Algiers kusomea Kifaransa na uhusiano wa kimataifa. Alirudi mwaka 1981 na shahada yake, pamoja na mazoea ya kunywa kahawa bila ya haluwa, jambo ambalo bibi yetu hakulisamehe.

Mwaka 1982 aliajiriwa kuwa mfasiri katika utumishi wa mambo ya nje, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minne, Dar es Salaam, hapa Unguja na safarini. Mwaka 1984 aliolewa na baba yetu, Mwalimu Talib Abdulla, aliyekuwa akisomesha hesabu. Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto wawili, mimi na ndugu yangu Mudrik. Tulipokuwa tukipigana, mama hakuuliza nani kaanza. Alitukalisha vyumba mbalimbali, akaja kwa kila mmoja na swali lilelile: "Unataka mwenzako afanye nini, na wewe utafanya nini?" Mara nyingi tulikuwa tunataka kitu kimoja, ila kila mtu anaona haya kukisema.

Jambo kubwa katika kazi yake lilitokea Novemba 2009. Nchi mbili jirani, ambazo mama hakupata kututajia mpaka anaingia kaburini, ziligombania mwamba baharini usiokaa mtu. Nchi moja ilikamata wavuvi kumi na wanne wa nchi ya pili. Ya pili ikamwita balozi wake arudi nyumbani. Ya kwanza ikafunga mpaka. Kila moja ikaleta manowari, zikawa zinatazamana mwambani, na kila siku viongozi walisema maneno makali zaidi ya jana. Wajumbe wao walikubali kuja kuzungumza katika hoteli moja Chukwani, lakini walikataa kukaa chumba kimoja. Wakawekwa ghorofa mbalimbali. Wahudumu wakawaita wageni wa juu na wageni wa chini.

Mama alikuwa mfasiri wa sekretarieti ya wapatanishi. Kwa siku tisa alipanda na kushuka ngazi zile na karatasi mkononi. Alichokisikia kwa siri juu hakuruhusiwa kukisema chini, wala cha chini kukisema juu. Alitusimulia miaka mingi baadaye, na majina hakuyataja.

Siku ya sita balozi wa juu alimwambia, "Bibi, sisi vita hatuvitaki. Lakini tukiondoa manowari kwanza, kesho kwetu wataandika kuwa tumekimbia."

Chini, jenerali mstaafu aliyewaongoza wenzake alimwambia, "Tungekwisha kuondoka zamani. Tunangoja wao waanze."

Mama hakuweza kumwambia yeyote kati yao kwamba mwenziwe kasema hayohayo. Lakini aliruhusiwa kuuliza. Akawauliza kama alivyokuwa akituuliza sisi watoto: wangependa wenzao wafanye nini saa ileile watakayoondoka wao? Pande zote mbili zikajibu kuwa wangependa waondoke pamoja, na kila serikali itangaze kuwa imeamua yenyewe. Siku ya nane zikatiwa saini karatasi mbili, moja ya Kiarabu na moja ya Kifaransa: manowari zote ziondoke kesho, saa sita mchana.

Watu wakapeana mikono, wengine wakaanza kufunga mabegi. Mama akakaa kuzisoma tena. Ndipo alipoona kuwa hakuna karatasi iliyosema saa sita ya wapi. Miji mikuu ya nchi zile ilipishana kwa saa moja.

Alimwendea mkuu wa sekretarieti, Bwana Wakil Mahfoudh, akamwonyesha.

"Bi Muzdalifa, saini zishatiwa," alisema Bwana Wakil. "Ukizirudisha sasa watasema tunawachezea. Watavunja mazungumzo."

"Huenda," mama alimjibu. "Lakini tukiziacha, kesho mmoja ataondoka peke yake, ageuke amwone mwenziwe bado yupo. Atajua kadanganywa. Saa nzima hiyo, na mizinga iko pale."

Bwana Wakil alimrudishia karatasi, akasema, "Nenda."

Alianza juu. Balozi alisoma, akabadilika uso. "Hii ni hila yao."

"Si hila ya mtu," mama alisema. "Kosa langu. Mimi ndiye niliyeziandika."

Chini, jenerali alimuuliza swali moja tu: "Wao wamesemaje?"

"Wameambiwa kama ninavyokwambia wewe, kwamba nimekosea mimi."

Karatasi zile zilikuwa zimesomwa na watu saba kabla ya saini. Mama hakuwataja. Alituambia kwamba alipojitwika kosa, hapakubaki mtu wa kugombana naye isipokuwa yeye, na yeye hakuwa na manowari. Jioni ile wakasaini upya. Mchana wa pili yake manowari ziliondoka zote kwa wakati mmoja, na siku ya nne baada ya hapo wavuvi wote kumi na wanne walikuwa majumbani kwao. Mama alipewa barua ya onyo. Mwaka uliofuata yule balozi wa juu alimwandikia kadi: "Katika siku zile zote, wewe peke yako ulikubali kuwa umekosea. Tunakushukuru."

Alistaafu mwaka 2016. Baba alifariki mwaka 2018. Baada ya msiba ule mama na Mjomba Borafya walikosana juu ya nyumba ya Malindi, wakakaa miaka mitano hawasemezani. Sisi watoto tulishindwa. Hatulifichi hili, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha.

Machi 2023 aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo. Wiki ile ile aliniambia nimpeleke Malindi. Mjomba alifungua mlango mwenyewe.

"Shikamoo, kaka," mama alisema. "Nilikuwa nangoja uanze wewe."

"Marahaba," Mjomba alijibu. "Na mimi nilikuwa nangoja wewe. Ingia."

Kwa karibu miaka miwili Mjomba, mzee wa miaka sabini, alimsindikiza hospitali mara tatu kila wiki. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole mpaka siku ya mwisho. Mama alifariki Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Mjomba alikuwa amemshika mkono. Alizikwa siku hiyohiyo baada ya Alasiri, Mwanakwerekwe.

Marehemu ameacha watoto wawili, Faiza na Mudrik, mkwe wake, Tahiya, wajukuu watatu, na kaka yake, Borafya Haroub, aliyeingia kaburini kumpokea na kumlaza kwa mikono yake.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutupa mama huyu, na kwa ile miaka miwili aliyowaongezea yeye na kaka yake. Ewe Mola, mpokee mja wako kwa rehema, na umpe amani aliyoitafutia wengine.