Mwalimu Ampaya, Mtu wa Tatu

Mwalimu wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Ampaya, alizaliwa tarehe 9 Machi 1954 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, binti pekee wa fundi bomba na mshonaji.

Alisoma shule ya msingi iliyo kando ya reli, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 1975. Huko alipenda mambo mawili: kuchezesha netiboli na kufukua asili ya maneno.

Alifundisha Kiingereza miaka thelathini na minne, na kila mwaka alianza na neno "umpire", yaani mwamuzi wa mchezo. Lilitoka Kifaransa cha kale, alieleza, na maana yake ni asiye na jozi: mtu wa tatu anayeitwa wawili wakishindwa kuelewana.

"Kwa hiyo Mwalimu huna timu?" wanafunzi walimtania.

"Sina. Siku nikiwa nayo, nifukuzeni uwanjani."

Binti yake alipoingia timu ya shule, alimwachia mwenzake filimbi, akakaa na wazazi wengine akishangilia mpaka sauti ikamkauka.

Tarehe 17 Desemba 1978 alifunga ndoa na seremala. Walijaliwa mwana na binti.

Agosti iliyopita moyo ulianza kumsumbua. Upasuaji, daktari alisema, ungeweza kumpa miaka au kumwondoa siku hiyohiyo. Bila upasuaji, ilibaki miezi. Mwana alitaka apasuliwe. Binti alitaka arudi nyumbani. Walibishana kwenye korido ya wodi mpaka wakanuniana, kisha wakamgeukia mama.

"Mimi naogopa," akasema. "Siwezi kuchezesha. Muulizeni baba yenu."

Mumewe alibabaika. "Mama watoto, usinitwike hilo. Mimi mwenyewe nina upande. Nataka ubaki."

"Basi sema wazi, tujue."

Akasema apasuliwe. Mkewe akatia saini kwa mkono wake. Alifariki tarehe 3 Februari, siku ya pili baada ya upasuaji.

Familia imeomba hili lisomwe, maana minong'ono imeshaanza kuhusu nani aliyeamua apasuliwe. Mzee halali. Kila anayeingia kutoa pole anaulizwa, "Nilikosea?" Jana binti alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Baba, sikukubaliana na wewe, na mpaka leo sikubaliani. Lakini ulisema wazi upande wako; hukunionea."

Mzee alilia, kisha, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akaomba chai.

Marehemu ameacha mume, mwana, binti, wajukuu wanne na wanafunzi wasiohesabika. Alale salama.