Ichome Polepole Zaidi

Mama mwenye kitambaa cheusi, aliyeketi mbele yangu kwenye basi, alimpa CD kijana jirani yake aliyepakata kompyuta na boksi la CD tupu. “Mwanangu, marehemu mume wangu anaimba humo. Fundi aliichoma haraka mno, sauti inakwaruza. Kesho mawifi wanakuja kumsikiliza.”

Kijana akavaa visikilizio, akasikiliza. “Ikichomwa kwa spidi ndogo sauti hutulia, mama. Lakini hii haina kasoro. Mzee hakuwa akiimba hivi hivi?”

“Alikuwa. Ndiyo maana nataka uichome polepole zaidi.”

“Spidi inasaidia CD, mama. Koo haisaidii.”

“Walimcheka akiwa hai, kesho hawamcheki. Weka spidi ya nne.”

“Hata ya kwanza, atakwaruza taratibu tu.”

Nilijifanya natazama nje. Basi likasimama, kijana akashuka. Mama akamfuata, CD mkononi, ingawa kondakta alishamwambia kituo chake bado.