Ndani, Nje na Mlangoni

Masikio yangu hayana adabu, na safari hii yalikaa ndani ya basi, nyuma ya fundi seremala na binti wa utafiti wa moshi wa sigara. Binti alikuwa amemfuata fundi nyumbani mara tatu bila kumkuta. Leo kambana kwenye kiti cha dirishani, karatasi za maswali mapajani.

"Baba, sigara unavutia ndani au nje?" "Mlangoni." "Hapa kuna ndani na nje tu." "Basi andika mguu mmoja ndani, mmoja nje. Ndivyo tulivyokubaliana na mama watoto." "Na moshi unaelekea wapi?" "Ah, moshi ni mtu mzima, mwanangu, unajua njia." Kicheko nilikibana kwenye kola ya shati.

Binti akafunua ukurasa wa pili. "Nani anakohoa nyumbani?" "Hakuna." Fundi akafikiri. "Labda mjukuu, ana miaka mitatu. Lakini yule havuti." Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, akaanza kubandua gundi iliyomkaukia kwenye kidole gumba.

Basi likasimama. Fundi akaaga kwa heshima zote, akabandika sigara mdomoni, akateremka nusu: mguu mmoja kwenye ngazi, mmoja barabarani, kiberiti mkononi, kama mtu aliyesahau kitu. Abiria wakajazana nyuma yake. Kondakta, ambaye hakusikia hata neno moja la mazungumzo yale, akapaza sauti: "Mzee, amua basi! Ndani au nje?"